Bajeti ya Jiji: Tusingoje Mkutano wa Mei



Kila mwaka, majira ya Aprili au Mei, hutokea tangazo gazetini na kwenye tovuti ya kaunti: wakazi wa Nairobi wanaalikwa kutoa maoni juu ya makadirio ya bajeti. Mkutano mara nyingi huwa siku ya kazi, asubuhi. Saa hiyo mama mboga yuko kibandani, fundi yuko mjengoni, mwalimu yuko darasani. Wanaofika ni wachache. Mmoja husimama kulalamikia mtaro uliojaa takataka, mwingine zahanati isiyo na dawa. Afisa huandika, watu hunywa soda, kisha hutawanyika. Mwaka unaofuata mtaro ni ule ule.

Baada ya miaka miwili mitatu ya namna hiyo, Mkristo mwema hukata shauri kwamba mambo ya serikali yana wenyewe. Hataki tena kusikia habari za bajeti. Makala haya yameandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya mseminari ambaye kesho atatumwa parokiani na kuulizwa, "Frateri, sasa sisi tufanye nini?"

Jibu kwa ufupi ni hili: sauti ya mwananchi ina nguvu kisheria, lakini mara nyingi tunaileta wakati mambo makubwa yameshaamuliwa. Anayetaka kusikika inambidi afike mapema, afike na maandishi, na arudi kuuliza.

Fedha hizi ni zetu

Katiba ya Kenya ya 2010 inasema katika Ibara ya 201 kwamba mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi, uwajibikaji na ushirikishaji wa wananchi. Ibara ya 196 inalitaka Bunge la Kaunti lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha watu. Kwa hiyo gavana au mwakilishi wa wadi, yule tunayemwita MCA, hatufanyii hisani anapotualika. Anatimiza wajibu wake.

Tena fedha zenyewe zinatoka mikononi mwetu. Sehemu kubwa hutoka serikali ya kitaifa, ambayo Ibara ya 203 inaitaka izigawie kaunti zote kwa jumla angalau asilimia 15 ya mapato yake. Sehemu nyingine kaunti huikusanya yenyewe: kodi za ardhi, ada za maegesho, leseni za biashara, ushuru wa soko. Hata asiye na kiwanja wala gari hulipa. Anayenunua kipande cha sabuni amelipa kodi, na mama anayekata tiketi ya soko asubuhi amechangia bajeti kabla hajauza nyanya ya kwanza.

Kanisa nalo lina neno hapa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et spes ya 1965, unawahimiza waamini washiriki katika maisha ya kisiasa kwa ajili ya mafao ya wengi. Miaka mingi kabla yake, mwaka 1931, Papa Pio XI katika waraka wa Quadragesimo anno alieleza kanuni auni: ngazi ya juu isiinyang'anye ngazi ya chini kazi ambayo ngazi hiyo inaiweza, bali iisaidie. Ugatuzi wetu unafanana na fundisho hilo. Lakini kanuni auni ina upande wa pili ambao tunausahau: ngazi ya chini nayo ifanye kazi yake. Wilaya ya kanisa, jumuiya na mtaa zikinyamaza, walio juu wataamua peke yao, na hatutakuwa na haki ya kushangaa.

Tujue mlango wa kubisha

Maombi mengi hupotea kwa sababu yamepelekwa mlango usio wake. Mtu humwomba MCA ajenge darasa la shule ya msingi, au polisi waongezwe mtaani. Kazi hizo ni za serikali ya kitaifa, kama zilivyo shule za sekondari, hospitali kuu za rufaa na barabara kuu.

Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi nyingine: zahanati na vituo vya afya, ukusanyaji wa takataka, maji na maji taka, barabara za kaunti na mitaro yake, taa za barabarani, masoko, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya kijijini na mtaani, zimamoto na makaburi. Hayo ndiyo mambo ya kuyaweka mbele ya kaunti. Kwa barabara, ni vizuri kuuliza kwanza katika ofisi ya wadi, maana baadhi ya barabara za mjini zinasimamiwa na serikali ya kitaifa.

Mwaka wa bajeti una majira yake

Sisi Wakatoliki tunajua kwamba mwaka wa liturujia hauanzi Januari. Anayengoja Januari amekwisha kukosa Majilio na Noeli. Mwaka wa fedha wa serikali nao huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, lakini maandalizi yake huanza karibu mwaka mzima kabla. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, na ni tarehe zile zile kila mwaka.

Majira ya kwanza ni Agosti na Septemba. Kufikia 1 Septemba, kaunti lazima iwasilishe katika Bunge la Kaunti Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, na kuutangaza kwa umma ndani ya siku saba. Huu ndio waraka unaotaja miradi itakayofanywa katika mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Nao unatokana na mpango mkubwa wa miaka mitano, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Maana yake ni kwamba anayetaka mfereji wa maji kuanzia Julai ya mwaka ujao, inafaa awe amesema kabla ya Septemba ya mwaka huu.

Majira ya pili ni Januari na Februari. Kufikia 28 Februari, kaunti hupeleka bungeni Waraka wa Mkakati wa Fedha. Waraka huu hauonyeshi sana miradi; unaonyesha mafungu. Afya ipate kiasi gani, barabara kiasi gani, ofisi ya gavana kiasi gani. Sheria inasema maoni ya umma yazingatiwe wakati wa kuuandaa, na bunge lina siku 14 tu za kuujadili. Huu ndio wakati ambao kikombe cha kila idara hupimwa. Ndio pia wakati ambao wananchi wengi hawajui kwamba kuna jambo linaendelea.

Majira ya tatu ni Aprili hadi Juni. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia 30 Aprili, kamati husikiliza wananchi, na bajeti lazima ipitishwe kufikia 30 Juni. Hapa ndipo tangazo lile la gazetini hutoka, na hapa ndipo wengi wetu hudhani mambo yanaanza.

Tuangalie kwa nini ni kuchelewa. Kwanza, bunge likitaka kuongeza fedha mahali pamoja, sheria inalilazimu kupunguza mahali pengine. Pili, mabadiliko hayo lazima yafuate yale lililokwisha kupitisha katika Waraka wa Mkakati. Tatu, kanuni za 2015 zinasema fungu la idara lisiongezwe wala kupunguzwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango kilichowekwa. Tukisema kwa mfano idara imepewa shilingi bilioni 5, wawakilishi wanaweza kusogeza milioni 50 tu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Nairobi, na jiji lina wadi 85. Milioni 50 zikigawanywa sawa kwa wadi hizo, kila moja haipati hata laki sita.

Haimaanishi kwamba kwenda Mei ni bure. Ndani ya fungu la idara, mradi mmoja bado unaweza kubadilishwa na mwingine, na lililoachwa kimakosa linaweza kurudishwa. Lakini anayekwenda Mei kuomba idara ya afya iongezewe nusu ya bajeti yake, amefika sokoni jioni.

Majira ya nne huanza Julai. Ndani ya siku 90 baada ya bajeti kupitishwa, bunge hushughulikia Mswada wa Fedha wa kaunti, unaoweka ada na kodi. Wenye vibanda, wenye bodaboda na wenye nyumba za kupangisha wasiukose. Juni 2024 vijana wa nchi hii waliusoma Mswada wa Fedha wa kitaifa kifungu kwa kifungu, wakajitokeza barabarani, na wengine wao walipoteza maisha. Rais alikataa kuutia sahihi. Mswada wa kaunti hauna kelele kama hizo, lakini unamgusa mchuuzi kila asubuhi, na unaweza kusomwa na kujadiliwa mapema kwa amani.

Maoni yanayosikika

Kamati inayosikiliza wananchi hurudi ofisini na karatasi nyingi. Karatasi inayosema "tunaomba serikali itukumbuke sisi watu wa chini" haina mahali pa kuwekwa. Afisa hajui aiweke katika idara gani wala mradi gani. Maombi yanayofaa hutaja mambo matano: sisi ni nani, tumesoma waraka gani, tunataka nini kibadilishwe, kwa sababu gani, na fedha zitoke wapi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Jumuiya imeona kwamba kina mama wanaojifungua katika zahanati ya wadi huambiwa waje na maji yao kwa madumu. Barua yao inaweza kusomeka hivi:

"Sisi wakazi wa wadi hii, 64 tuliotia sahihi hapa chini, tumesoma Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, sehemu ya afya. Zahanati yetu imetajwa kwa kupakwa rangi na kujengewa lango. Haina tangi la maji, na mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki. Tunaomba fedha za lango na rangi zitumike kwanza kununua tangi la lita 10,000 na kulifunga. Tumeambatisha picha, na orodha ya siku ambazo maji yalikosekana mwezi uliopita."

Barua hiyo haitukani mtu, haina maneno makubwa, na haiombi hata shilingi ya ziada. Inamrahisishia kazi MCA anayetaka kusaidia, na inamnyima kisingizio asiyetaka.

Barua ichapwe nakala tatu. Moja iende kwa karani wa Bunge la Kaunti au idara inayohusika, nyingine kwa ofisi ya wadi, na ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa na kurudi nyumbani. Nakala hiyo yenye muhuri ndiyo mtakayorudi nayo mwaka unaofuata kuuliza.

Hati za bajeti hutafutwa kwenye tovuti ya kaunti, katika Bunge la Kaunti au ofisi ya wadi. Zisipopatikana, Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kuziomba kwa maandishi, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na kama jambo ni zito, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kupeleka ombi rasmi katika Bunge la Kaunti.

Nafasi ya Jumuiya Ndogo Ndogo

Mtu mmoja huchoka upesi. Jumuiya haichoki upesi, na ina kitu ambacho ofisi za jiji hazina: inakutana kila wiki ndani ya nyumba za watu. Inajua nani ni mgonjwa, mtaro gani hufurika mvua za masika zikianza, taa ipi ilizimika na msichana gani aliibiwa simu chini yake. Maarifa hayo yakiandikwa na kupangwa, ni hoja za bajeti. Mtindo wetu wa tazama, pima, tenda unafaa kabisa kwa kazi hii.

Mambo mawili yaangaliwe. La kwanza, maji machafu hayaulizi dini. Jumuiya iwaalike majirani Waislamu na Wakristo wa madhehebu mengine, na barua iwe ya wakazi, isiwe ya Wakatoliki peke yao. La pili, jumuiya isigeuzwe tawi la chama wala jukwaa la anayetaka kugombea. Mapadre wanakumbushwa na Sheria za Kanisa, kanuni ya 287, wasishiriki kikamilifu katika vyama vya siasa. Kazi ya padre hapa ni kufundisha, kutia moyo na kufungua ukumbi wa parokia. Kushika kalamu, kutia sahihi na kusimama mbele ya kamati ni kazi ya walei, nao wana wito wao katika hilo.

Kuna kiti kingine ambacho wengi hatukijui. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinaunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi katika kila kaunti. Gavana ndiye mwenyekiti. Pamoja na mawaziri wake wa kaunti, huketi watu wasio maafisa wa kaunti, kwa idadi iliyo sawa na ya mawaziri hao, waliopendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Tume ya Haki na Amani ya parokia ina haki ya kuuliza: anayewakilisha makundi ya kidini ni nani, na tutamfikishiaje maoni yetu?

Zawadi na haki

Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa michango ya wanasiasa iliyotolewa katika parokia ya Soweto, akaagiza irudishwe. Waamini wengine waliumia, maana parokia zetu nyingi zina ujenzi usiokwisha. Lakini uamuzi ule unatusaidia kuona tofauti. Kiongozi anayetoa bahasha kanisani tunamshukuru, na ni vigumu kumuuliza maswali tukiwa tunampigia makofi. Zahanati iliyo kwenye bajeti haina haja ya makofi. Ni haki, na haki huulizwa bila haya.

Swali hilo hilo linarudi mlangoni petu. Kanuni ya 537 inaitaka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha, na kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali waliyoitoa. Parokia inayosoma hesabu zake mara moja kwa mwaka, haraka haraka, baada ya matangazo, inawafundisha waamini kwamba hesabu si mambo yao. Parokia inayozibandika ubaoni na kupokea maswali inawalea wananchi bila kuhubiri siasa hata siku moja. Ndugu mseminari, zoezi lako la kwanza la bajeti ya umma laweza kuwa hesabu za sadaka za kigango chako.

Kurudi kuuliza

Mradi ukiingia kwenye bajeti, kazi haijaisha. Kila robo mwaka, ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kumalizika, kaunti hutoa taarifa ya mapato na matumizi. Mdhibiti wa Bajeti naye hutoa taarifa zake juu ya kaunti zote, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anatakiwa na Katiba kukamilisha ukaguzi ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha. Watu wawili wa jumuiya wakisoma kurasa zinazohusu wadi yao, kisha wakatembea hadi zahanati kuangalia kama tangi lipo, huo ni ukaguzi wa kweli.

Tangi lisipokuwepo, tusikimbilie kuita mtu mwizi. Huenda mapato hayakufikia makadirio, au fedha zilielekezwa kulipa madeni ya nyuma, ambayo katika jiji letu ni makubwa. Huenda pia zimeliwa. Anayeuliza kwa heshima, mkononi akiwa na nakala yenye muhuri, ndiye atakayeijua sababu. Na akijibiwa uongo, atakuwa na ushahidi.

Kwa jumuiya inayotaka kuanza, hesabu ni rahisi. Mwezi wa saba, chagueni watu watatu, angalau mmoja wao awe kijana mwenye simu nzuri ya kupakua hati. Mwezi wa nane, kubalianeni jambo moja, moja tu, na mpeleke barua kabla ya 1 Septemba. Januari, ulizeni idara inayohusika itapewa fungu gani. Mei, nendeni ukumbini mkaangalie kama jambo lenu limo. Oktoba, mwezi wa Rozari, tukiwa tayari tunakutana nyumba kwa nyumba, someni taarifa ya robo ya kwanza.

Yesu alipowalisha watu elfu tano, aliwauliza wanafunzi kwanza wana mikate mingapi. Baada ya watu kushiba, akaagiza vipande vilivyobaki vikusanywe kisipotee kitu, wakahesabu vikapu kumi na viwili. Tukiijua mikate yetu na kuvihesabu vikapu vyetu, mama wa zahanati ile hatakwenda tena kujifungua akiwa na dumu la maji mkononi.